Bawa halikuwa na makosa, upepo wetu ndio ulikuwa na makosa

Mimi ni fundi wa mota. Kama pampu yako imeungua, posho mili inanuka waya, ama feni inazunguka kama imechoka, watu wa Kondele hapa Kisumu watakuambia uende kwa yule jamaa wa kuriwaindi, yaani kuzungushia mota waya upya, na huyo ni mimi. Mambo ya ndege sikuwa nimewahi kuyafikiria, nazisikia tu zikishuka upande wa uwanja wa Kisumu na naendelea na kazi. Hadi likizo moja ya Aprili mpwa wangu, yuko fomu thrii, akaingia duka na daftari yake ya fizikia akasimama karibu na meza akaniuliza, "Anko, uko na feni yenye nguvu ya kweli?"

Alikuwa anatafuta projekti ya kongamano la sayansi. Swali lake lilikuwa fupi: ukiinua pua ya bawa digrii moja, halafu mbili, halafu tatu, nguvu ya kuinua inaongezeka kiasi gani, na ukinzani, yaani nguvu ya kurudisha nyuma, unaongezeka kiasi gani? Nikamwambia hiyo ni kazi ya siku moja. Ikatuchukua likizo yote na wikendi za muhula uliofuata, na sijutii hata moja.

Kwanza tuelewane hiyo pembe ni gani. Chora mstari kutoka pua ya bawa hadi mkia wake, halafu angalia upepo unatoka wapi. Nafasi kati ya huo mstari na upepo, hiyo ndiyo pembe. Kama umewahi kubeba bati jipya kichwani mchana upepo wa ziwa ukiwa umeamka, unaijua tayari hata kama hujaiita jina. Bati likilala sawa na upepo unatembea vizuri. Likiinuka mbele kidogo tu unahisi linakuwa jepesi, shingo inapumzika, na hapo ndipo unafaa kuogopa, kwa sababu likiinuka zaidi ya hapo haliwi jepesi tena, linakurudisha nyuma ulikotoka. Kuinua na kurudisha nyuma ni nguvu mbili za upepo mmoja kwa bati moja, na tofauti ni pembe tu.

Tukaenda soko la Kibuye tukachukua plaiwudi, tukaunda boksi la sentimita 30 kwa 30, urefu kama mita moja na nusu, na dirisha la kioo ubavuni ili tuone ndani. Hilo ndilo handaki letu la upepo. Feni ilikuwa ile ya kutoa moshi jikoni kwa hoteli, mteja aliiacha miaka miwili hajarudi. Tukaifunga mdomoni mwa boksi ipulize ndani. Bawa tukalichonga kwa ile povu nyeupe inayokuja na TV, tukalipaka gundi ya mbao na karatasi juu, tukapiga msasa hadi likateleza mkononi kama sabuni. Upana wake kutoka pua hadi mkia sentimita 10, na urefu 29 ili lifike karibu na kuta zote mbili. Mpwa ndiye aliyesema mgongo na tumbo vifanane kabisa, na hiyo akili yake ndiyo iliyotuokoa baadaye. Bawa la aina hiyo likiwekwa digrii sifuri halina sababu ya kwenda juu wala chini, kwa hivyo namba ya sifuri unaijua hata kabla ya kupima.

Bawa lilisimama juu ya stendi iliyopita kwa tundu la sakafu ya boksi hadi kwa mizani chini. Upepo ukiinua bawa, mizani inapungua gramu. Ya ukinzani tulitengeneza kama mzani wa kulalia, stendi inaegemea makali ya kisu, upepo ukiisukuma nyuma inabonyeza mizani ya pili.

Tukawasha. Digrii sifuri. Mizani ikasema bawa linaenda juu kwa gramu 9.

Mpwa akaandika 9. Mimi nikasema bawa limepinda. Tukalipiga msasa siku mbili, tukalipima na rula kila upande, bado 9. Tukachonga lingine jipya kabisa, likatoa 8. Nilianza kukasirikia hilo povu. Namba zingine nazo zilikuwa zinarukaruka, unaangalia mizani inasema 20, mara 27, mara 18, huwezi kuandika kitu.

Jibu lilinijia nikiwa kwa kazi yangu ya kawaida. Mota ya fezi tatu ikinguruma vibaya, huwezi jua kama shida iko kwa mota ama kwa laini ya stima inayoingia. Unachofanya ni kuzungusha zile waya tatu zote, kila moja inasonga nafasi moja, halafu unapima ampia tena. Ile fezi mbaya ikihama pamoja na waya, shida iko kwa laini. Ikibaki pale pale kwa mota, shida ni ya mota. Nikaacha ile mota mezani, nikampigia simu, nikamwambia kesho geuza bawa, tumbo liangalie juu.

Akageuza. Kama bawa ndilo lililopinda, zile gramu 9 zingegeuka pia ziende chini. Hazikugeuka. Bado juu, 8. Kumaanisha bawa lilikuwa safi toka siku ya kwanza, na ni upepo wenyewe uliokuwa unapanda ndani ya boksi, kama digrii moja na nusu hivi kwenda juu. Sisi tulikuwa tunaweka protrakta sifuri tukifikiri upepo umelala, kumbe haujalala. Baadaye nilikuja kujua kuwa hata kwa mahandaki makubwa wanafanya hivyo hivyo, wanapima modeli ikiwa wima halafu wanaipindua, na tofauti ya zile namba inawaambia upepo wao umeinama kiasi gani.

Ukifikiria vizuri utaona ilikuwa lazima. Bledi za feni hazisukumi hewa mbele tu, zinaipindapinda kama unavyokamua nguo, na hewa inaingia kwa boksi ikiwa inazunguka. Upande mmoja inapanda, mwingine inashuka, na katikati ni fujo. Mimi miaka yote hii nimetengeneza feni na sikuwahi kujiuliza hewa inatokaje upande wa pili, bora tu inatoka.

Basi tukabomoa. Feni tukaipeleka nyuma kabisa, ivute badala ya kupuliza, ule mzunguko wake umwagikie nje. Mbele tukaweka mdomo mpana kama faneli, sentimita 45 kwa 45 unaopungua hadi 30, kwa sababu hewa ikibanwa hivyo inaongeza mwendo na ile fujo ndogondogo inapungua. Na kwa ule mdomo tukapanga mirija, ile minene ya kunywea maziwa ya mtindi, tukainunua zaidi ya elfu moja tukaikata katikati, kila kipande sentimita 10 na upana sentimita moja, tukaisimamisha pamoja kama sega la nyuki. Urefu wa mrija ukiwa kama mara 8 hadi 10 ya upana wake, hewa inayoingia imepinda inatoka imenyooka. Hiyo kazi ya mirija ilimaliza jioni tatu na vidole vikanata gundi, dada yangu akawa anatuletea chai na kutikisa kichwa.

Tukawasha tena. Sifuri: gramu 0.6. Tukapindua: chini gramu 0.4. Mpwa alipiga makofi peke yake hapo dukani na mimi nikajifanya naangalia waya.

Halafu ukinzani. Kwa digrii sifuri ilikuwa inasoma gramu 6.2, na hiyo ilionekana nyingi kwa kitu laini hivyo. Safari hii sikungoja siku mbili. Nikatoa bawa nikaacha stendi peke yake ndani ya upepo. Gramu 4.1! Yaani theluthi mbili ya ile namba tuliyokuwa tunaita ya bawa ilikuwa ya chuma cha stendi, fimbo ya mviringo ya milimita 10. Chuma cha mviringo kinatesa upepo kuliko unavyodhani, nyuma yake hewa inavurugika, na ndiyo maana ndege za zamani zilizojaa waya zilikuwa zinakula nguvu nyingi hivyo. Tukabadilisha stendi tukaweka spoki mbili za baiskeli, nyembamba, na kila siku tukawa tunapima kwanza spoki peke yake na kuitoa kwa hesabu.

Hizo namba zenye nukta hazikutoka kwa mizani ya jikoni tuliyoanza nayo, hiyo ilikuwa inasoma gramu nzima nzima, na kwa ukinzani wa gramu 2 hiyo haikusaidii kitu. Jamaa yangu mmoja anayenunua dhahabu upande wa Kakamega akatuazima ile mizani ndogo ya mfukoni inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Alituambia tuirudishe kabla ya Jumatatu, tukakaa nayo hadi Agosti. Mungu ambariki.

Sasa ngoja niwape zile namba, maana hizi ndizo zilinifanya nikae kwa stuli na kunyamaza. Upepo wetu ulikuwa kama mita 7 kwa sekunde. Digrii 2, bawa liliinua gramu 13 na ukinzani ulikuwa 2.1. Digrii 4, gramu 26 na ukinzani 2.3. Ona hapo. Umeongeza digrii 2, kuinua kumekuwa mara mbili, na ukinzani umeongezeka sehemu mbili za kumi za gramu. Ni kama umepewa bure. Digrii 6 ikatoa 39 kwa 2.9. Digrii 8 ikatoa 50 kwa 4.3. Digrii 10 ikatoa 58 kwa 6.4. Digrii 12 ikatoa 62 kwa 9.8. Ukitoka 10 kwenda 12 umepata gramu 4 za kuinua na umelipa 3.4 za ukinzani, na kule chini gramu 13 uliuziwa kwa 0.2. Pembe ni ile ile digrii 2, lakini bei siyo ile ile hata kidogo.

Mpwa akachora grafu mbili juu ya karatasi moja. Ya kuinua ilikuwa imenyooka kama barabara ya Ahero halafu inaanza kuinama juu. Ya ukinzani ilikuwa bakuli, chini imelala, halafu inapanda ghafla. Halafu akagawa ya kwanza kwa ya pili, na hapo akanionyesha kitu ambacho mimi singekiona: kilele hakikuwa kwa digrii 12 penye nguvu nyingi. Kilikuwa kwa digrii 6, pale bawa linainua zaidi ya mara 13 ya ukinzani wake. Kwa digrii 12 lilikuwa linainua mara 6 tu. Ndege inayotaka kwenda mbali na mafuta kidogo haitafuti pembe ya nguvu nyingi, inatafuta ule uwiano, na iko huko chini kwa digrii chache.

Digrii 14 nataka niiongelee peke yake.

Tulikuwa tumebandika vipande vya uzi wa sufu mgongoni mwa bawa, kila kimoja urefu wa kidole gumba, na seloteipu kwa upande wa pua tu, mkia wa uzi uko huru. Nyuzi za fulana nyekundu ya dada yangu. Simu tukaiweka kwa dirisha ichukue video. Kwa digrii 6 nyuzi zote zilikuwa zimelala kama nywele zilizopakwa mafuta. Kwa 9 zile za nyuma kabisa karibu na mkia zikaanza kutikisika. Kwa 12 nusu ya nyuma yote ilikuwa inacheza. Mpwa akasukuma hadi 14 polepole, na uzi mmoja wa katikati ukasimama wima, ukasitasita, halafu ukageuka ukaangalia mbele, upande ule upepo unatoka. Nusu sekunde, na zote zikafuata. Sauti ya boksi ikabadilika, ikawa na mngurumo wa chini, na stendi ikaanza kutetemeka. Mizani ya kuinua ikaanguka kutoka 62 hadi 46. Ile ya ukinzani ikaruka hadi 15.5.

Hapo bawa limestoli. Hewa inayopita mgongoni inakimbia kasi sana karibu na pua, na ikielekea mkiani inabidi ipunguze mwendo huku presha ikipanda mbele yake, ni kama baiskeli inapanda mlima kwa ile kasi iliyobaki nayo. Ile hewa iliyogusana na ngozi ya bawa tayari imechoka kwa kusuguana, haifiki juu, inasimama, inaanza kurudi nyuma, na ile iliyo juu yake inabanduka kwa bawa kabisa. Ule uzi ulioangalia mbele ulikuwa unatuonyesha hewa inayorudi.

Kwangu mimi hiyo ilikuwa kama kukutana na mtu ninayemjua. Mota ya induksheni iko hivyo hivyo. Ukiiongezea mzigo inapunguza mwendo kidogo na kutoa nguvu zaidi, ukiongeza inatoa tena, hadi ifike kilele chake. Ukipita hapo nguvu inaanguka, ampia zinapanda, na usipozima haraka utaniletea mimi. Nimeona hiyo grafu kwa mota miaka mingi, na sasa naiona kwa kipande cha povu na uzi wa fulana.

Na kitu kingine ambacho hatukutegemea. Tukashusha pembe kutoka 14 tukidhani kwa 12 mambo yatarudi sawa, kwa sababu kwa 12 lilikuwa linafanya kazi sawa dakika mbili zilizopita. Halikurudi. Ikabidi tushuke hadi 10 ndipo nyuzi zikalala. Hewa ikishabanduka, kuirudisha kunahitaji ushuke chini zaidi ya pale ilipobandukia. Tulirudia mara tano kwa sababu mpwa hakuamini, na mimi pia.

Shida ya mwisho ilikuwa stima. Asubuhi digrii 4 inatoa gramu 26, jioni watu wakirudi nyumbani na kuwasha kila kitu, digrii 4 ile ile inatoa 21. Voltiji imeshuka, feni imepunguza mwendo. Na nguvu ya upepo inafuata mwendo mara mwendo: upepo ukipungua asilimia 10 tu, kuinua kunapungua karibu asilimia 19. Siku nzima ya vipimo inaharibika kwa sababu jirani anapika chapati kwa koili.

Dawa yake mpwa aliipata kwa habari za wale ndugu Wright wa Marekani, na hiyo habari lazima niisimulie kwa sababu sikuijua na inanigusa. Walikuwa mafundi wa baiskeli pale Dayton, Ohio. Mwaka 1901 glaida yao ilikuwa inainua kidogo sana kuliko hesabu ilivyosema, na walikaribia kukata tamaa. Wakaanza kushuku jedwali la Otto Lilienthal, yule Mjerumani aliyekufa 1896 glaida yake iliposimama hewani ikaanguka. Mwishoni mwa huo mwaka wakaunda boksi la mbao la futi 6, mdomo inchi 16 kwa 16, feni upande mmoja, na mizani yao ikatengenezwa kwa vipande vya bledi ya msumeno wa chuma na spoki za baiskeli. Spoki! Niliposikia hivyo niliangalia stendi yetu. Wakapima kama aina 200 za mabawa madogo. Wakakuta jedwali la Lilienthal halikuwa baya vile walidhani, kosa kubwa lilikuwa kwa namba ya presha ya hewa iliyokuwa inatumika tangu enzi za John Smeaton wa Uingereza, karne ya 18. Watu walikuwa wanaweka 0.005 na wao wakapata karibu 0.0033. Jedwali lilikuwa karibu sawa, hewa ndiyo iliyokuwa imehesabiwa vibaya. Tarehe 17 Desemba 1903 wakaruka.

Na ile mizani yao ya kuinua haikuhitaji kujua upepo una mwendo gani. Ilikuwa inalinganisha bawa na vibamba bapa vilivyo ndani ya upepo ule ule, kwa hivyo upepo ukipungua, vyote vinapungua pamoja. Sisi tukafanya ya kwetu. Tukakata plastiki bapa ya sentimita 5 kwa 5, tukaisimamisha pembeni chini mbali na bawa, ikisukuma mizani ya tatu. Asubuhi ikasema 7.2, na bawa 26. Jioni ikasema 5.8, na bawa 21. Gawanya: 3.6 asubuhi, 3.6 jioni. Kuanzia hapo stima ishuke, ipande, sisi hatuna maneno nayo.

Nilimzuia kitu kimoja tu. Alikuwa ameandika kwa ripoti kwamba mabawa yanastoli baada ya digrii 12. Nikamwambia andika bawa letu, kwa upepo wetu. Bawa la sentimita 10 kwa upepo wa mita 7 kwa sekunde, ile namba ya Reynolds, inayolinganisha msukumo wa hewa na kunata kwake, inakuwa kama 40,000, na ndege ndogo ya kweli inaruka kwa namba ya milioni kadhaa. Kwa bawa dogo hewa ya karibu na ngozi ni nzito na mvivu, inabanduka mapema. Mabawa mengi ya kawaida ya ndege yanafika hadi digrii 15 au 16 hivi kabla ya kustoli, na ukinzani wao ni mdogo kuliko wetu. Umbo la grafu unaweza kulibeba kutoka kwa boksi hadi kwa ndege, namba usizibebe hivi hivi.

Tangu hapo sioni ndege ikitua kama zamani. Inakuja pua juu, kwa sababu inaenda polepole, na kwa upepo mdogo lazima pembe iongezeke ndipo ibebe uzito ule ule. Furukombe, yule tai wa samaki, pale ufukwe wa Dunga anafanya hivyo hivyo akitua kwa mti, anainua mabawa hadi unaona manyoya madogo ya mgongoni yanasimama kama nyuzi zetu, na anajua anachofanya, anataka kustoli, lakini sentimita chache juu ya tawi.

Kongamano lenyewe lilikuwa Nakuru. Tulipakia boksi juu ya matatu, mirija ikafungwa na blanketi. Kufika huko tukapima ili kuhakikisha, digrii 4 ikatoa gramu 24 badala ya 26, na mimi nikaanza kutafuta mahali pamevunjika. Mpwa akaangalia mizani ya plastiki. 6.7. Akagawa, 3.6. Akaniambia, "Anko, wacha, hakuna kitu kimevunjika." Kisumu tuko kama mita 1,130 juu ya bahari na Nakuru ni kama 1,850, hewa ya huko ni nyepesi kwa asilimia 7 au 8, na boksi letu la plaiwudi lilikuwa limeiona hiyo tofauti. Mwalimu mmoja kwa meza ya majaji akamuuliza, utajuaje bawa lako halijapinda? Hakujibu kwa mdomo. Alizima feni, akafungua dirisha, akapindua bawa, akawasha.

Baba yangu alivua samaki miaka yote, na ana neno lake: tanga ukilivuta sana linalewa. Mashua inalala ubavu, unahisi nguvu nyingi, lakini haiendi. Tangu utotoni nilidhani ni maneno tu ya wazee wa ziwani. Tuliporudi kutoka Nakuru tulienda kwake na mpwa, na ule uzi mwekundu uliobaki, tukabandika vipande sita kwa tanga lake upande ule upepo haugongi. Alasiri, upepo wa ziwa umeshika. Mzee akavuta kamba vile anavyovuta akitaka kumwonyesha mtu, tanga likakaza, mashua ikainama, na nyuzi zote sita zikaanza kucheza, mbili zikageuka kuangalia mbele.

Aliziangalia muda mrefu. Mpwa akamwambia, "Babu, achia kidogo." Akaachia kamba, kama urefu wa kiganja. Nyuzi zikalala.